Leso Iliyopanda Jukwaani

Kaluki hakuwa mtu wa maigizo, tusidanganyane. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukanyaga cherehani pale Makina hana muda wa kutazama watu wazima wakijifanya walevi. Jumamosi hiyo alitoka Kibera kwa sababu moja tu: kupeleka pazia.

Pazia lilikuwa jekundu, zito, la kikundi cha maigizo kilichokuwa kikichezea ukumbi wa mabati kule Kawangware, nyuma ya ploti za mzee Gichuru. Aliyeliagiza ni Nyawira, mke wa mtoto wa Gichuru, mteja wake wa miaka mitatu. Na kuna jambo Nyawira alilisisitiza kwa simu, mara mbili.

"Usikuje na mtoto. Huku kuna vumbi, atakohoa."

Basi Kaluki alimwacha mtoto wake Mumbua na babake, Makau, nyumbani kwao Raila, kijiji kimoja cha Kibera. Mumbua alikuwa na miezi tisa. Alikuwa wa tatu kuzaliwa, na wa kwanza kupita miezi miwili. Ndiyo maana Kaluki hakuwa anaamini mtu. Jirani akisema mtoto amenona, anamfunika. Mgeni akimshika kichwa, Kaluki halali. Na njia nzima, pazia likiwa mgongoni mahali ambapo Mumbua hukaa, alijiuliza swali moja. Nyawira ana miaka sita kwa ndoa na hajapata mtoto. Kikohozi cha Mumbua kinamhusu nini?

Alifika jua likianza kulegea. Walipomaliza kutundika pazia, Nyawira akamshika mkono.

"Baki kidogo bana. Uone kazi ya mikono yako."

Kaluki akaketi naye mstari wa tatu, karibu na mlango. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamekaa juu ya makreti ya soda, watoto chini sakafuni. Kulikuwa na harufu ya jasho, mahindi choma na mafuta ya taa. Shiundu, kiongozi wa kikundi, jamaa mrefu mwenye sauti ya mhubiri, akatokea mbele ya pazia.

"Niaje Kawangware! Mliokuja mara ya kwanza leo, sikieni mambo yetu. Hatuna nguo za kuigizia. Tunavaa zenu."

Watu wakacheka. Karai likaanza kuzunguka. Huyu akatia kofia, yule kiatu kimoja, mama mmoja akatia mwavuli. Shiundu akaeleza kuwa kila mtu atachukua chake mwisho wa mchezo, kutoka kwa aliyekivaa.

"Na la pili! Ukiona tunaharibu, piga makofi matatu, useme 'Nipe nafasi!' Utapanda hapa, mwigizaji atashuka akae kwa kiti chako. Lakini ukishachukua nafasi, neno la mwisho ni lako. Hakuna kurudi nyuma."

Karai likafika kwa Kaluki. Kiunoni alikuwa amejifunga leso ya Mumbua, ile ya samawati aliyofunikwa nayo alipozaliwa. Akapitisha karai.

"Toa leso wewe," Nyawira akamnong'oneza. "Usiwe mchoyo, watu wanaangalia."

Wapi? Watu walikuwa wanaangalia simu zao. Lakini aibu ni kitu kibaya. Kaluki akaifungua leso, akaitia. Halafu akaona kitu. Karai lilipopita kwa Nyawira, Nyawira hakutia chochote.

Mchezo ukaanza. Kwa kweli ulikuwa mzuri, hata Kaluki alicheka mara mbili. Ulihusu mwanamume aliyeuza shamba la babake ili anunue pikipiki. Waigizaji walikuwa wanarukaruka wamevaa viatu visivyolingana, watu wanapiga kelele, "Huyo! Huyo ni wewe, Gikonyo!" Kijana mmoja akapiga makofi matatu, akapanda, akachukua nafasi ya mwenye shamba, ukumbi ukavunjika mbavu.

Kisha taa moja ikazimika.

Mwanamke akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa wa makamo, hana viatu, miguu yake myeupe kwa vumbi. Hakuwa na mzaha wa wenzake. Alikuwa amebeba kifurushi kifuani, amekifunga na leso ya samawati. Akaanza kutembea taratibu ukingoni mwa jukwaa, akikibembeleza.

Wale waigizaji wengine wakamwachia nafasi. Kelele zikatulia.

Kifurushi kikalia.

Kaluki akasisimka. Si kwamba alisikia mtoto akilia. Watoto walikuwa wengi mle ndani. Ni kwamba Mumbua akilia humaliza na kwikwi mbili. Mbili kila mara, tangu azaliwe.

Kilio. Kwikwi. Kwikwi.

"Nyawira," akanong'ona. "Huyo ni nani?"

"Ni mwigizaji."

"Anaitwa nani?"

Nyawira akasogea ukingoni mwa kiti. Alikuwa ameinama mbele, macho kwenye kifurushi, mikono imebana magoti.

Mwanamke akasimama katikati. Akasema kwa sauti ndogo, lakini iliyofika hadi mlangoni, "Huyu mtoto hana mama. Nani amesikia mtu akisema ni wake?"

Watu wakangoja. Kilio kikarudi. Kwikwi... kwikwi. Na harufu ikamfikia Kaluki, ya maziwa yaliyoganda shingoni mwa mtoto, ile anayoifuta kila asubuhi.

Akili ilimwambia Mumbua yuko Raila na babake. Lakini moyo wa mama haungoji akili.

Pa. Pa. Pa.

"Nipe nafasi!"

Ukumbi ulishangilia. Kaluki alipanda jukwaani. Mwanamke akamtazama bila kushtuka. Kwa ukaribu huo alikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Akaifungua leso, akaitupa begani mwake mwenyewe, akampa Kaluki kifurushi kikiwa kwenye kitambaa cheupe.

Kilikuwa na joto. Kilikuwa kinapumua.

"Sema mbele yao," mwanamke akanong'ona. "Ni wa nani?"

"Ni wangu," Kaluki akasema.

"Hawajasikia."

"Huyu ni wangu!" akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Ni wangu! Mimi ndiye mamake!"

Watu zaidi ya mia wakapiga makofi hadi mabati yakatetemeka. Mwanamke akashuka kwenda kukaa kwenye kiti cha Kaluki, kama sheria ilivyosema. Kaluki akafunua kitambaa haraka haraka.

Ndani mlikuwa na vipande vya kitambaa chekundu. Mabaki ya pazia, yale aliyoyakata mwenyewe na kuyaacha sakafuni kule Makina.

Akainua macho. Kiti chake kilikuwa kitupu. Mlango wa pembeni ulikuwa unacheza.

"Yule mama yuko wapi? Ana leso yangu!" Alimshika Shiundu shati.

"Mama gani? Sisi tuko watano, dadangu." Shiundu akawatazama wenzake, wakatikisa vichwa. "Huyo si alitoka kwenu watazamaji? Tulidhani ameomba nafasi."

"Sisi tulijua ni wenu," mtu akasema kutoka mstari wa mbele.

Kaluki akamgeukia Nyawira. Nyawira alikuwa analia. "Haki sikujua," alisema. "Alikuja kwa ploti juzi, akaniambia nikuite uje peke yako. Akasema nitapata mtoto. Hakusema atafanya nini..."

Kaluki hakungoja kusikia mengine. Alikimbia hadi barabarani, akapanda boda, akamwambia jamaa asisimame popote. Njiani alipiga simu ya Makau mara saba. Haikushikwa. Na ndipo maneno ya nyanya yake wa Kitui yakamjia, yale aliyokuwa akiyacheka. Kwamba mtoto mchanga ni wa aimu, mizimu ya ukoo, mpaka watu waitwe, na mama aseme mbele yao kwamba ni wake. Kwa hao wawili wa kwanza hawakufanya hivyo. Kwa Mumbua pia hawakufanya. Nairobi nani ana muda?

Leo alikuwa amesema mbele ya watu. Lakini alisema juu ya nini?

Saa moja kasoro alifika Raila. Mlango ulikuwa wazi. Makau alikuwa kwenye stuli, simu inachajiwa ukutani, Mumbua amelala mapajani.

"Ngai wakwa!" Kaluki akaanguka magotini, akamnyakua mtoto, akambusu kichwa. Alikuwa mzima. Pua ile ile, alama ile ile chini ya sikio. Akafunga mlango kwa komeo, akaegemea, akacheka kwa kilio.

Ndipo akaona mtoto amefungwa na nini.

Leso ya samawati.

"Makau. Hii leso imetoka wapi?"

"Si umekuja nayo?" Makau akamkunjia uso. "Saa kumi na mbili na nusu umefika hapo mlangoni, ukasema nikupe mtoto anyonye. Ukazunguka naye nyuma kidogo, ukamrudisha amefungwa hiyo. Ukasema unaenda kutafuta maziwa. Hata viatu hukuwa navyo. Nikadhani umekasirika, sikuuliza."

Kaluki akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amefungua macho. Alitulia tu, akimtazama bila kupepesa, kama mtu aliyekaa mstari wa mbele. Kaluki akambana kidole cha mguu. Kidogo tu.

Hakulia.

Akambana tena, kwa nguvu, mpaka Makau akasimama. "Unafanyia mtoto nini?"

"Huyu si—"

Pa. Pa. Pa.

Makofi matatu, nje ya mlango. Halafu kilio cha mtoto. Kwikwi. Kwikwi.

"Makau," sauti ikaita. Ilikuwa sauti ya Kaluki mwenyewe, imechoka, ya mtu aliyetembea. "Nipe nafasi nipite. Nimeleta maziwa."

Makau aliutazama mlango. Akamtazama mkewe. Alimwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kisha akanyoosha mikono, akamtoa yule mtoto mkimya mikononi mwake, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Wewe," alinong'ona, "ni nani?"

Kaluki alifungua mdomo kusema ni yeye, mama Mumbua, mke wake. Akakuta hakuna neno. Alikuwa ameshalisema neno lake la mwisho kule Kawangware, juu ya kifurushi cha vitambaa, na nafasi yake akamwachia yule mwanamke, na mia nzima ya watu waliosikia walikuwa bado wanatafuta kofia na viatu vyao.

Nje, Mumbua akalia tena.

Makau akapita kando yake, bila kumgusa, akashika komeo.