Jina Travis Alilolipigia Chafya

Nepi zilikataa kukauka. Jua la Kiamunyi la mwezi wa pili halina huruma. Likikuta shati kwenye kamba asubuhi, mchana unalikunja likiwa gumu kama ubao. Lakini Jerop aliporudi kutoka matangani Kabazi, miguu imevimba na koo limekauka kwa kuwaimbia wafu wa watu wengine, alikuta nepi za kitukuu chake zinachuruzika kwenye kamba.

"Umezianika saa ngapi?" akamuuliza mjukuu wake.

"Jana, Kogo," Winrose akasema. Kogo ndivyo watu wao wanavyomwita nyanya.

Jerop akaivuta moja akainusa. Haikunuka sabuni wala mkojo. Ilinuka ziwa: magadi, tope, na manyoya ya ndege waliooza. Sasa ziwa liko kule chini, mbali, unaliona tu ukisimama nyuma ya choo, na tangu ahamie hapa harufu yake haikuwahi kupanda mlima kuja kutafuta nepi.

"Ni nini kimefia kwenye tangi?"

"Hakuna kitu. Umetoka safari, Kogo. Keti kwanza unywe chai."

Akaketi. Alikuwa katika umri ambao mtu hasimamii balaa, anailetea kiti.

Nyumba ilikuwa ya Zeddy, binti yake, mama ya Winrose, mwanamke aliyeuza mitumba mjini na aliyeokoka kwa sauti kubwa. Winrose alikuwa amezaa na dereva mmoja wa lori, Kipketer, aliyepeleka mzigo Malaba na kusahau njia ya kurudi. Mtoto alikuwa bado hajaanza kukaa mwenyewe. Jina lake Travis. Zeddy ndiye aliyelileta hilo jina, na mchungaji akaliombea, na hapo mambo yakaisha.

Jerop alikuwa ametaka mtoto aitiwe. Kwao mtoto hapewi jina hivihivi kama mbwa. Wanawake huketi na mzazi, wakaanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto hukaa kimya mpaka afikiwe yule aliyerudi naye. Hapo hupiga chafya, wanawake wakapiga vigelegele, kwa maana mfu amekubali na mtoto amepata mwenyewe wa kumlinda. Zeddy alisema hayo ni mambo ya giza. Jerop hakubishana. Alikuwa amebishana na Zeddy tangu Zeddy aote meno, na hakumbuki siku aliyoshinda.

Sasa akamchukua mtoto. Alikuwa baridi. Si baridi ya mtoto aliyelowa. Baridi ya sufuria iliyolala nje.

"Travis," akamwita. Mtoto hakugeuka. "Travis, we kijana. Kogo amerudi."

Mtoto alikuwa anaangalia pembe ya nyumba, pale penye ndoo, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengoja kuhudumiwa.

"Hanyonyi," Winrose akasema polepole. "Tangu Jumapili. Nimempeleka kliniki, wakasema mapafu ni safi, eti nimpe tu maji ya chumvi na sukari. Anayatema. Mum ameomba mpaka majirani wamelalamika."

"Na hiyo Jumapili mlifanya nini hapa?"

"Hakuna kitu."

"Winrose."

"Nilikuwa kazini tu, Kogo."

Kazi ya Winrose ilikuwa simu. Aliiegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai, akajipaka midomo, akawachambulia watu katuni za Wajapani mubashara mtandaoni. Jerop alikuwa amezichungulia: watu wenye macho kama sahani, pua hawana, wanalia mvuani. Lakini watu walimfuata Winrose kwa wingi, wasichana wa saluni, akina mama wachanga wanaonyonyesha, na yeye aliwaambia ni hadithi gani inafaa na gani imeharibiwa mwishoni.

Siku hiyo ikapita vibaya. Zeddy alirudi kutoka sokoni, akaomba, akakemea, akapaka mafuta milango yote hata wa jikoni. Mtoto alimtazama hivi tu. Halafu usiku matone yakaanza kudondoka. Tone, kimya, tone. Jerop akatazama mabati: makavu. Akatazama bomba: lilikuwa halijatoa maji wiki nzima. Akaigeuza ndoo juu chini, na tone likaendelea kuanguka mahali fulani, ndani ya kitu chenye kina.

Asubuhi nywele za mtoto zilikuwa zimelowa, na kwenye mto wake palikuwa na unyoya mmoja wa waridi, wa ndege wa ziwani.

Zeddy aliuona. Akaketi sakafuni bila kuambiwa. "Mum," akamwambia Jerop, na hilo neno hakuwa amelitumia kwa upole siku nyingi, "hii ni nini?"

"Ni jini."

"Majini ni ya Mombasa."

"Siku hizi yana bando," Jerop akasema. "Winrose, njoo hapa. Utaniambia Jumapili ulikuwa unachambua nini, na usinipe muhtasari."

Winrose akamwambia. Katuni yenyewe inaitwa *Mchumba wa Kidimbwi*. Msichana wa kijijini anapendana na kijana aliyezama zamani, na kidimbwi kimemla mpaka jina, hakuna anayelikumbuka. Anakuja tu jioni, akilowesha ngazi. Jumapili Winrose alikuwa anachambua zile sehemu za mwisho, pale kijana anapomwambia msichana: nipe jina. Likitamkwa, na mwili ukalikubali, nitabaki na wewe.

"Na msichana akampa?"

"Alikataa. Alimfunga mlango, akalia mpaka asubuhi, hadithi ikaisha. Watu wote walikasirika, Kogo. Mimi pia. Nikasema mwandishi ametuharibia. Nikasema, ingekuwa mimi, ningemwambia karibu, hapa kuna nafasi."

"Ulisema hivyo. Kwa mdomo."

"Nilikuwa nachambua tu! Halafu nikawaambia watu wamtafutie jina, waliandike pale chini, nami nikaanza kuyasoma. Mengine ya kuchekesha, mengine ya kimapenzi. Nilikuwa nimempakata Travis. Nikafika jina moja..." Hilo jina halitaandikwa hapa. Kuna wasomaji wenye watoto. "Akapiga chafya. Watu wakacheka. Nami nikasema, amekubali."

Zeddy akajifunika uso na leso. Jerop akayahesabu kwa vidole. Mtoto hajaitiwa, kiti chake kiko wazi, mama yake mzazi amempakata anamsomea majina moja baada ya jingine, anapiga chafya, na mama kwa kinywa chake anatangaza: amekubali. Hata bibi harusi hafungwi kwa mafundo mengi hivyo.

"Kwa nini yule msichana alikataa?" akauliza.

"Ee?"

"Alimpenda. Alikuwa na mlango. Kwa nini alikataa?"

"Kwa sababu mwenye mwili huenda kidimbwini. Badala yake."

"Na wewe ukaona huo mwisho ni mbovu."

"Nilisema mapenzi ya kweli hayakati tamaa," Winrose akanong'ona, akaanza kulia.

"Lia baadaye. Huyu mtoto hana baadaye nyingi."

Maana tayari midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na vidole vimejikunja ngozi kama vya mtu aliyefua nguo kutwa.

Walingoja jioni, saa yake yule wa kidimbwini, Zeddy akafunga geti. Jua lilikuwa linazama, stima ikapotea mtaa mzima, na Jerop akawasha taa ya mafuta akaiweka sakafuni. Akatoa ugoro wake wa kuleta chafya, akamwambia Winrose aketi na mtoto katikati, kisha akamtazama binti yake.

"Peke yangu sitoshi. Mwanamke mmoja akiita wafu ni mwendawazimu tu. Utaketi ama utaenda kuomba?"

Zeddy alisimama pale mlangoni na Biblia yake kwapani. Akaiweka juu ya kabati, kwa heshima, akaifunika na kitambaa kama asiyetaka ione. Akaketi.

Wakaanza kuita. Wakamwita baba ya Jerop, mtoto kimya. Wakamwita Kibii aliyechimba kisima cha watu wote, mtoto kimya. Wakamwita Kiprugut, marehemu mume wa Jerop, na Jerop akamnusisha mtoto ugoro kidogo kwenye ukucha, na mtoto akaivuta hewa ile bila hata kukunja pua, akatabasamu, na katika tabasamu lile kulikuwa na adabu ya mgeni ambaye hana mpango wa kuondoka.

"Hawawezi kuingia," Jerop akasema. "Ndani kuna mtu. Alikaribishwa, na aliyemkaribisha hajamtoa." Akamgeukia Winrose. "Chukua hiyo simu."

"Kogo, nimwambie tu hapa—"

"Neno ulilolisema mbele za watu halirudishwi chini ya blanketi. Kwetu ukimtukana mtu sokoni, unamwomba msamaha sokoni. Waite watu wako wote. Uwaambie ule mwisho ulikuwa wa haki."

Winrose akaiegemeza simu kwenye taa. Watu wakaanza kuingia, mmoja mmoja, halafu wengi, wakiandika sasa dada, mbona giza, mtoto ameamka?

"Sasa wasee," akasema. "Nimekuja kurudisha maneno. Kuhusu ule mwisho. Nilisema ni mbovu. Nilikosea."

Na hapo matone yakaacha kudondoka na yakaanza kutembea, kwanza nje kwenye saruji ya baraza, mguu uliolowa na mwingine, kisha ndani bila mlango kufunguka, na harufu ya ziwa ikapanda ikajaa chumba mpaka taa ikafanya moshi, na Zeddy akashika mkono wa mama yake kwa nguvu za mtu anayezama huku bado anaita majina kwa kunong'ona, na mtoto akainua mikono yote miwili, si kwa mama yake bali kwa kitu kilichosimama nyuma ya mama yake, na nywele za Winrose zikaanza kulowa zenyewe, polepole, kutoka utosini kushuka kwenye mashavu, kama mtu anayezipapasa kwa kiganja kilichotoka majini, na Jerop, ambaye alikuwa amezika mume na watoto, akamshika Winrose kidevu asiangalie nyuma.

"Usigeuke," akasema. "Maliza."

"Yule msichana alifanya vizuri." Winrose alikuwa anaitazama simu kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto. "Alimpenda, na alifanya vizuri. Hapa hakuna nafasi. Nilisema kuna nafasi, nilidanganya, hii nafasi ni ya mtoto wangu. Mimi si mchumba wako. Nimekutoa. Enda."

Halafu mtoto akalia.

Kilikuwa kilio kibaya, cha hasira, cha njaa ya siku zote zile, na hakuna wimbo wowote Jerop aliowahi kusikia kanisani uliokuwa mtamu hivyo.

"Ita!" akafoka. "Zeddy, ita, kiti kiko wazi!"

Zeddy, kwa haraka na woga, akaita jina la kwanza lililomjia: Kipchirchir, mjomba wake, mzee mkorofi aliyegombana na majirani, na wanawe, na mwishowe na mvua. Travis akapiga chafya mpaka kamasi zikamrukia Winrose usoni.

"Kati ya wafu wote wazuri tulio nao," Jerop akasema, na akalegea ukutani. "Sawa. Huyo hakuna jini litamtoa kwenye kiti."

Zeddy akapiga vigelegele, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe, akaendelea. Winrose akafungua kifua, na mtoto akakamata kama kupe. Miguu yake ilikuwa inaanza kupata joto. Jerop alitaka kulala hapo hapo sakafuni, na viatu, na kila kitu.

"Kogo," Winrose akasema.

"Kesho."

"Kogo, kuna mtu ameandika."

Simu ilikuwa bado imewaka. Watu walikuwa wanaandika mioyo na machozi na maswali. Katikati yao kulikuwa na mmoja, mama anayeitwa Sue, wa Mai Mahiu, anayeuza chai pale malori yanapoegesha. Winrose akasoma kwa sauti ya chini:

"Dada, nilikuwa nakuangalia nikimnyonyesha wangu. Uliposema enda, amepiga chafya. Ameachilia titi. Mbona amekuwa baridi hivi?"

Zeddy akaacha vigelegele. Jerop akafumba macho. Mbele za watu, alikuwa amesema. Waite watu wako wote.

"Mwambie asimweke chini huyo mtoto," akasema mwishowe. "Asimwite jina lolote. Mwulize wafu wao ni akina nani. Babu, nyanya, yeyote. Aandike."

Winrose akaandika. Wakangoja, nyuso zao tatu juu ya ile simu, na mtoto akimeza maziwa kwa kelele.

Jibu likaja.

"Mimi niliokotwa. Nililelewa kwenye nyumba ya watoto, Gilgil. Sijui mtu wangu hata mmoja."

Jerop akalisikia, kisha akamwambia Winrose alisome tena, naye akalisoma. Kwa mbali stima ikarudi upande wa chini wa mtaa, watu wakashangilia. Mwanamke mzee akajiinua kwa kushika ukuta, akavuta leso yake, akaanza kuifunga kiunoni.

"Utamwitia nani, Kogo?"

Jerop akaikaza leso. Wafu wake alikuwa amewaita wote, na isipokuwa mmoja, walikuwa wameshindwa kuingia hata kwa damu yao wenyewe.