Shimo la Mwisho la Marlham

Jumamosi ile ya Julai 1976, ofisi ya wageni ya Cromer ilijaa watu hadi mlangoni. Jua lilikuwa limewaka wiki kwa wiki bila tone la mvua, na nusu ya Uingereza ilikuwa imekimbilia pwani. Akina mama walitaka vyumba, watoto walililia aiskrimu, na mzee mmoja aliyebabuka mgongo kwa jua alikuwa akigombana na mkewe kuhusu hoteli. Vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, vilivyozagaa kila mahali mwaka ule, vilitembea juu ya karatasi, juu ya kofia, hata ndani ya vikombe vya chai.

Nyuma ya meza alikaa Hilary Larter, msichana wa miaka ishirini na minne, mwenye gauni la njano lisilo na mikono na sauti ya mtu asiyebabaishwa na foleni.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa kijana mrefu, suruali yake ya bugaluu imefagia vumbi la stesheni, begani ana mfuko wa ngozi uliochakaa wenye fimbo za gofu. Alipogeuka, mfuko ule ulimgonga yule mzee mgongoni palepale palipobabuka. Mzee akapiga yowe. Kijana akageuka kuomba radhi, mfuko ukamgonga na mke wa mzee.

"Kaka, simama hivyo hivyo," Hilary alisema. "Usigeuke tena, utatuulia watalii. Nikusaidie nini?"

"Natafuta uwanja wa gofu. Uwanja ambao ukiwa kwenye shimo lolote, la kwanza mpaka la kumi na nane, unasikia bahari."

"Hii ni pwani. Hapa bahari inasikika hata chooni."

Watu walicheka. Kijana naye alicheka, lakini hakuondoka. Aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Ni uwanja wa baba yangu. Alicheza huko mara moja tu, mwaka 1948. Alikuwa akiahidi kila mwaka kwamba atanileta. Amefariki Februari. Jina la uwanja hakunitajia hata siku moja, aliuita 'ule wa pwani' tu."

Hilary alimtazama, kisha akageuza kibao kilichokuwa mezani kikasomeka kwamba amekwenda kula. Foleni nzima ikaguna.

Walikula mkate wenye nyama ya kaa iliyonyunyiziwa siki, wamekaa kwenye ukuta unaotazama gati. Kijana alijitambulisha kuwa ni Clive Radford, mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji huko Leicester, na kwamba ana likizo ya wiki moja. Hilary alitandaza ramani magotini.

"Una siku sita, Bwana Leicester. Huwezi kucheza kila mahali, lazima tuchague. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani? Wa kupenda upepo au wa kuogopa upepo?"

"Wa kupenda. Kofia zake zote zilipeperushwa."

"Basi tunafuta huu wa ndani, wenye misonobari. Alikuwa na pesa?"

"Hata kidogo."

"Basi tunafuta na huu, hapa hata mbwa huvaa tai. Jumatatu nenda wa juu ya majabali. Jumanne nenda wa kwenye vilima vya mchanga. Jumatano wa karibu na mabwawa ya chumvi. Ukimaliza kila mmoja unipigie simu unipe ripoti. Ni kazi ya serikali hii."

"Serikali inataka ripoti ya gofu?"

"Serikali hii iliyokaa hapa inataka."

Jumatatu saa tisa alasiri, simu ya ofisi ililia.

"Sio huu," Clive alisema. "Shimo la saba limeingia nyuma ya kilima. Nilisikia ng'ombe tu."

"Ng'ombe wa baharini."

"Hilary, usinichekeshe, sarafu zitaisha. Nyasi zimekauka zimekuwa rangi ya mkate ulioungua. Mpira unateleza kama uko mezani. Nimepiga mpira mrefu kuliko wote maishani mwangu, na hakukuwa na mtu wa kuuona."

"Nimeusikia ukipita juu ya paa."

Jioni hiyo walitembea kwenye gati. Jumanne ripoti ilikuwa ile ile, sio huu, na jioni wakacheza dansi katika ukumbi wa gati, Hilary na viatu vyake vya raizoni, vya soli nene, vilivyomfanya karibu alingane naye kimo. Clive alikuwa hajui kucheza. Alimkanyaga mara nne, na mara ya tano Hilary akasema, "Ndiyo maana ulichagua mchezo ambao mtu anasimama peke yake." Akambusu yeye kwanza, mbele ya watu, wala hakujali.

Lakini usiku ule Hilary hakulala vizuri. Tangu dakika ile pale kwenye ukuta, kabla hata hajamaliza mkate wake, alikuwa ameshajua uwanja wa marehemu ulikuwa upi. Ulikuwa Marlham, kijijini kwao. Na Marlham haukuwepo tena. Jabali lilikuwa likimeguka mwaka hadi mwaka. Lilichukua shimo la tatu, likachukua la nne, na mwaka 1968, bahari ilipobeba nyumba ya mapumziko ya wachezaji, uwanja ukafungwa. Wilfred Larter, baba yake, ndiye aliyekuwa mtunza nyasi pale tangu 1947. Tangu siku ulipofungwa, jina la Marlham halikutajwa nyumbani kwao. Mezani mtu akikaribia kulitaja, mzee aliinuka akaenda kuosha sahani yake.

Alikuwa na nia ya kumwambia Clive. Alijiambia Jumapili, akajiambia Jumatatu. Kisha simu ikalia, akacheka, na neno likarudi tumboni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumatano, katika uwanja wa mabwawa ya chumvi, Clive alikaa kunywa bia na mzee mmoja mwanachama, akamsimulia anachotafuta. Mzee hakufikiri hata kidogo.

"Huo ni Marlham, kijana. Umeliwa na bahari. Miaka minane sasa. Hawakukwambia Cromer? Kamuulize binti wa Larter pale ofisi ya wageni. Baba yake ndiye aliyekuwa akizikata nyasi zile."

Siku hiyo simu ya ofisi haikulia. Saa kumi na moja Clive alikuwa amesimama nje ya mlango, mfuko begani, uso umekauka kama nyasi za mwaka ule.

"Marlham," alisema.

Hilary alifunga mlango polepole. "Nilikuwa nikwambie."

"Lini? Baada ya ripoti ya ngapi?"

"Clive..."

"Baba yangu amekufa, Hilary. Mimi nazunguka jua kali na fimbo za marehemu, napiga simu kama mwehu, 'sio huu, sio huu,' na wewe upande wa pili unacheka."

"Sikukucheka wewe! Ningekwambia siku ya kwanza, ungepanda treni siku ya pili. Nilitaka ukae. Ndiyo hiyo tu sababu yangu. Haina uzuri wowote, lakini ni hiyo."

"Ungesema hivyo ningekaa."

"Ningejuaje? Nilikufahamu kwa muda wa mkate mmoja!"

Clive aligeuka akaondoka. Asubuhi ya Alhamisi alipanda treni ya Leicester, siku tatu za likizo yake zikiwa bado hazijaguswa.

Hilary alipiga simu kiwandani Ijumaa ya wiki iliyofuata. Alipokea msimamizi, Bwana Orton, mtu mwenye sauti nzito na mashine zikinguruma nyuma yake.

"Radford! Simu yako. Ni mwanamke." Kisha, "Dada, anasema hayupo."

"Nimemsikia akisema."

"Hata mimi nimemsikia. Pole sana."

Alipiga tena Ijumaa nyingine, na nyingine. Agosti yote Clive aliendelea kutokuwepo, mpaka Bwana Orton akawa ndiye anayemsubiri Hilary, anamuuliza habari za kaa na hali ya maji, naye anamweleza habari za jino lake bovu. "Huyu kijana ana kichwa kigumu, binti yangu," alimwambia siku moja. "Lakini kila Ijumaa ikifika saa sita anasogea karibu na simu. Anajifanya anafagia."

Mwisho wa Agosti mvua ikarudi. Ilinyesha siku baada ya siku, na nchi iliyokuwa ya kahawia ikaanza kuchipua. Jioni moja, wakati wa chakula, Hilary alilitaja jina la Marlham mbele ya baba yake. Mzee aliinuka na sahani yake. Hilary hakunyamaza, alimfuata hadi kwenye karo, akamweleza habari zote, za fimbo, za marehemu, za simu, na za uongo wake mwenyewe. Mzee aliiosha sahani ile ile kwa muda mrefu sana. Lakini kesho yake alfajiri, mama yake Hilary alisikia mlango wa kibanda cha nyuma ukifunguliwa, na mashine ya kukatia nyasi ikitolewa.

Ijumaa ya katikati ya Septemba, Hilary alimwambia Bwana Orton, "Leo usimwite. Mpe ujumbe tu. Jumapili ya tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi, baba yangu atakuwa Marlham. Sina la kuongeza."

"Nitamwambia. Na asipokuja nitakuja mimi."

Asubuhi ya Jumapili hiyo upepo ulikuwa mkali na mbingu imepauka. Clive alikuja kwa miguu kupitia njia ya shamba la shayiri, amevaa koti la marehemu baba yake lililompwaya mabegani, amebeba mfuko. Alipofika ukingoni mwa shamba alisimama.

Mbele yake kulikuwa na miiba, magugu na vichaka, kila mahali. Na katikati ya pori lile, kama zulia lililotandazwa, palinyooka ukanda mmoja wa nyasi za kijani, zimekatwa kwa mistari iliyonyooka, ukishuka mpaka kwenye duara laini lenye fito na kitambaa cheupe. Hatua ishirini nyuma ya kitambaa, nchi iliishia. Chini, bahari ilikuwa ikinguruma.

Wilfred Larter, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, alikuwa ameegemea mashine yake. Hilary alisimama pembeni, ndani ya koti la mvua la bluu, nywele zake hazijafungwa, hathubutu kusogea.

"Umekuja kucheza au kushangaa?" mzee aliuliza.

"Bwana Larter, umefanya yote haya..."

"Baba yako alicheza arobaini na nane, nimeambiwa. Basi nyasi alizozikanyaga zilikuwa zangu. Hili lilikuwa la kumi na sita. Mengine yamekwenda au yamezidiwa na miiba. Piga, kabla upepo haujageuka."

Clive alipiga. Mpira wa kwanza ulikwenda kwenye miiba, wa pili ukaenda baharini. Alicheza mpaka pigo la tisa ndipo mpira ukadumbukia. Aliinama kuutoa shimoni, akakaa ameinama hivyo hivyo, mabega yakitikisika. Hilary alimwendea, akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nisamehe mimi. Nilikuwa nasimama hatua mbili kutoka kwenye simu ile."

"Najua. Ulikuwa unafagia."

Alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akasema, "Hilary, Leicester hakuna bahari."

"Nimeona kwenye ramani."

"Kuna moshi, na chumba changu kiko juu ya duka la viatu, na mwenye nyumba ana kasuku anayetukana."

"Clive Radford, unaniuliza kitu au unasoma taarifa ya habari?"

"Nakuuliza. Utaolewa na mimi?"

"Mjibu mtoto wa watu," mzee alisema kutoka nyuma, bila kuwatazama. "Mashine hii si yangu yote, nusu ni ya kanisa, nao wanaisubiri."

"Ndiyo," Hilary alisema. "Ndiyo, na kasuku nitamnyamazisha."

Walioana majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, Bwana Orton akiwa msimamizi wa bwana harusi.

Januari 1978 dhoruba kubwa iliikumba pwani yote ile. Siku ya tatu, saa ya chai, simu ya mwenye nyumba ililia huko Leicester. Hilary aliipokea, Clive akasogeza sikio lake karibu na lake.

"Limekwenda," mzee alisema.

"Lote, baba?"

"Lote. Duara, na ukanda wake, na njia ya shayiri nusu."

Walisikia akipumua. Hilary aliushika mkono wa mumewe.

"Baba, unalia?"

"Nilie nini?" Wilfred Larter alijibu. "Nililikata kabla ya Krismasi. Limeondoka likiwa nadhifu."