Kitabu Kilichotiwa Guniani

Kila alasiri Hizia alipotoka shule alivuka daraja, akanunua mkate, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, kisha akasoma *Mlango wa Chumvi*, kitabu alichokiazima darasani, huku vitunguu vikikaangika. Alikuwa amekisoma mara tatu. Mama yake, Fatiha, alikuwa muuguzi, na hakuwa na subira na mtu anayeunguza vitunguu.

Jumatatu hiyo hakusoma. Alikaa mezani, koti bado mwilini.

"Nani kakupiga?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Basi vua koti, useme."

Hizia akasimulia. Mwalimu Benyoucef alikuwa akisafisha kabati la vitabu la darasa. Alitaka libaki na vitabu vya maana tu. Kila mwanafunzi atetee kimoja. Kisichotetewa kingeingia guniani na kuuzwa kama karatasi kuukuu. Hizia alisimama na *Mlango wa Chumvi* mkononi. Kabla hajafungua kinywa, Anouar alipaza sauti: "Hadithi za majini asubuhi hii! Utazaa vipara wewe!" Darasa zima lilicheka, kwa kuwa mabibi wote wa mji wao, Constantine, huwatisha wajukuu wanaodai kusimuliwa ngano mchana kwamba watazaa watoto vipara. Hizia aliona haya. Alikiweka chini, akachukua riwaya nene ya vita ambayo hakuwahi kuisoma, akayasema maneno ya jalada la nyuma.

"Shujaa wake anafia wapi?" mwalimu aliuliza.

"Vitani."

"Hafi."

*Mlango wa Chumvi* kikaingia guniani mbele ya macho yake.

"Umedanganya, na kitabu chako umekikosa vilevile," mama alisema. "Kile cha majini unakipendea nini? Usiniambie kinafurahisha. Hata bembea inafurahisha."

Hizia akamweleza kwa sauti ya chini. Mama akaacha kukata nyama. Akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

"Kesho ukamwambie mwalimu hayo hayo. Uanze na uongo wako."

Asubuhi Hizia alisimama kabla ya somo. Gunia lilikuwa bado kando ya mlango. "Mwalimu, jana nilidanganya. Ile riwaya sijaisoma. Naomba nikitetee kitabu kilichomo guniani."

"Jamani, vipara hao!" alisema Anouar.

"Nyamaza, Anouar. Haya, kitetee. Lakini kufurahisha peke yake hakutoshi."

"Kuna mvulana aliyefiwa na mama yake," Hizia alianza. "Jini linaiba sauti ya mama, linakuja kubisha hodi. Linamwita mwanangu mzuri, mwanangu hodari. Mvulana anatamani kufungua. Kisha anakumbuka kwamba mama yake hakuwahi kumsifu bila kumgombeza kwanza. Anaegemea mlango, analia, hafungui."

Alilitazama gunia.

"Bibi yangu alipofariki, nilikuwa namsikia akikohoa chumbani kwake. Nilikuwa naenda kumwangalia. Nilipofika ukurasa ule, nilijua kuwa naweza kumlilia bila kwenda kumtafuta tena. Kwetu hakuna majini, mwalimu. Lakini mlango ule naujua."

Hakuna aliyecheka. Mwishowe Anouar akauliza, "Jini likaondoka?"

"Soma."

Mwalimu alienda kwenye gunia, akakitoa kitabu, akakipangusa jalada.

"Nilikosea kukitupa bila kukifungua," alisema. "Vitabu vingi vya majini ni vya ovyo. Vya vita navyo, vingi ni vya ovyo. Msikidharau kitabu kwa sababu kinafurahisha, wala msikisifu kwa sababu ni kizito. Ulizeni kama kinasema kweli kuhusu watu, na kama mkikirudia bado kina cha kuwapa. Na mnachokipenda, kisemeni kwa ukweli hata mkichekwa. Jana Hizia aliogopa kicheko, na kitabu kizuri kilikuwa kinakwenda kufungia karanga."

Akampa Anouar kile kitabu.

"Ukirudishe Jumapili, tukianza wiki ya masomo. Ukiona wasiwasi na hao vipara, kisome jioni."