Leseni ya Marehemu Ogola

Kila asubuhi Adero alisimama ufuoni Usenge kungoja boti yake. Vijana aliowaajiri wakishusha omena, wale dagaa wa ziwani, yeye alianika, huku macho yakizunguka kila upande. Tangu mumewe Ogola afariki, mwaka mmoja na nusu sasa, alimshuku kila mtu. Alishuku vijana, wachuuzi, hata mizani.

Aliyemshuku kuliko wote ni Bwana Samaki. Ndivyo walivyomwita Laban Waliaula, ofisa wa uvuvi. Jumanne moja alikuja na daftari, akainama kutazama jina na namba vilivyochorwa ubavuni mwa boti.

"Mama, hii boti ni ya nani?"

"Ya Ogola."

"Naomba kuona leseni."

"Iko na yeye mwenyewe."

"Na yeye yuko wapi?"

Adero akageukia omena zake. Kwao boti hubaki na jina la mwenyewe hata akishazikwa. Kulifuta ni kama kumfukuza marehemu nyumbani.

"Kuja ofisini Ijumaa," Waliaula akasema. "Kabla ya hapo, boti isiingie majini."

Huyu anataka chai, Adero akawaza. Akikosa chai, atachukua boti. Na boti hiyo ndiyo iliyolisha watoto wake wanne.

Mchana alifika shemeji yake, Dalmas, habari ameshazisikia. Alimwita Adero Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, kwa kuwa alizaliwa huko.

"Nyar Asembo, usiende! Ficha hiyo karatasi kabisa. Leseni ya kaka ni ya boti, haiwezi kuisha. Wacha vijana wavue tu. Mambo ya ofisi niachie mimi."

Maneno matamu. Lakini Dalmas hakuwahi kuuliza hata siku moja kama watoto wamekula. Leo boti inamhusu nini?

Alipoondoka, Adero alifungua sanduku la bati. Alikuwa amesoma gumbaru, madarasa ya watu wazima, kwa miezi sita. Akafuata tarehe kwa kidole. Leseni iliisha tarehe 31 Desemba, 1991. Sasa ilikuwa Machi, 1993.

Ijumaa alikwenda, karatasi ameifunga kwenye pindo la leso.

"Kaa, Mama," Waliaula akasema.

Adero akabaki wima. "Unataka kunishtaki?"

"Nataka usishtakiwe. Leseni ni ya mwaka mmoja, tena ni ya mtu aliyeandikwa. Hairithiwi. Boti ikivua bila leseni, mwenyewe anaweza kupelekwa kortini. Anaweza kutozwa faini, au kufungwa jela, au yote mawili. Na korti inaweza kuamuru boti, nyavu na samaki vichukuliwe na serikali."

"Sasa nifanye nini?"

"Leta barua ya chifu ya kuonyesha boti ni yako. Tutaikagua, tuiandikishe kwako, halafu utapewa leseni. Jina la mzee libaki pale ubavuni, hakuna shida. Pesa ulipe hapa tu, na usitoke bila risiti."

Adero akamtazama vizuri. Anayetaka chai angetaja risiti kweli?

Waliaula akasita. "Mama, Dalmas ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Alikuja wiki iliyopita. Alitaka boti iandikwe jina lake. Eti mjane amerudi kwao Asembo. Nikamwambia alete barua ya chifu. Hajarudi."

Hapo Adero akakaa. Siku zote alikuwa akijilinda na mtu asiye mwizi.

Boti ilikaa mchangani wiki mbili, barua ya chifu na ukaguzi vikishughulikiwa. Adero alinunua omena za wenzake, akauza sokoni, watoto wakala. Siku boti iliporudi majini, Dalmas alikuja mbio.

"Nani amebadilisha karatasi za boti ya kaka yangu?"

Adero alifungua leso, akaishika leseni mpya mbele ya macho ya Dalmas kwa mikono miwili.

"Soma, shemeji."

Dalmas akatazama pembeni. Basi Adero akamsomea mwenyewe, polepole, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wachuuzi:

"Mwenye boti: Adero Ogola."