Nilimzika Mama kwa Sababu ya Ovaloki

"Hodi hapa!"

Mama yangu alikwenda kufungua mlango… akakuta watu kumi na tisa wamekuja kumlilia yeye mwenyewe!

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Wanawake wamejifunga khanga, macho mekundu. Wanaume wamesimama nyuma. Gunia la mchele limeshatuliwa barazani. Walikuja kuhani msiba, na marehemu ndiye aliyewafungulia mlango.

Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, simu mkononi.

Kabla hamjaanza kunitukana kwenye komenti, ngojeni niwaeleze ilivyokuwa. Mkimaliza, tukaneni tu. Nimeshazoea.

Naitwa Moza. Mwaka 2018 nilikuwa na fremu ndogo ya duka Kariakoo, nauza mashine na vyombo vya umeme vilivyotumika. Mtaji alinipa mama yangu, Bi Kuruthumu. Aliuza mikorosho yake yote kule Newala, akaja kuishi na mimi Magomeni kwenye vyumba viwili vya kupanga. Sina kaka, sina dada. Kule kwao hakubakisha hata mti mmoja.

"Nikizeeka nitakula kwako," aliniambia. "Sina pengine."

Kumbukeni hayo maneno.

Fremu yenyewe ilikuwa ya kuning'inizia bango tu. Biashara ilikuwa kwenye simu! Tulikuwa na kundi la Wasap linaitwa Mnada wa Saa Saba. Admini alikuwa Tushar, muuza sahani na masufuria mitaa mitatu kutoka kwangu. Kila siku saa saba mchana unatupia picha ya mzigo, watu wanapandishana bei, dakika kumi zikiisha unaandika "Imekwenda!" na jina la aliyeshinda.

Hapo umeuza. Hakuna cha nilighafilika.

Tushar hakuwa na masihara. Kila muuzaji alimpa kopi ya kitambulisho na namba ya nyumba anayokaa. Ukighairi baada ya kusema imekwenda, anakutoa kwenye kundi na hurudi tena. Labda uwe na ugonjwa au msiba.

Mimi ugonjwa nilishautumia mara mbili. Mara presha, mara nimeteguka mguu. Kila bei ilipoishia chini, nilikuwa naumwa!

Sasa mnaona kilichobaki.

Siku hiyo niliweka ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo. Nzuri, ya Kijapani, haina hata mkwaruzo. Akashinda Severa, fundi cherehani wa Gerezani, mtu wa Ndanda. Laki tatu na kumi.

Nikaandika, "Imekwenda! Hongera Severa."

Akanitumia sauti. Analia, nawaambia.

"Dada Moza, Mungu akubariki! Nina tenda ya sare za shule mia mbili, nilikuwa nimeshakata tamaa. Kesho saa nne niko kwako na hela mkononi!"

Dakika mbili hazijapita, inboksi ikalia. Bhavin wa Upanga, anashona mapazia ya mahoteli.

"Dada mambo?"

"Poa kaka."

"Nimechelewa mnada. Ile ovaloki natoa laki tano na ishirini."

Ndugu zangu… laki tano na ishirini!

Nikimwambia Severa ukweli, atakwenda kwa Tushar, na Tushar atanitoa. Nikafikiri kidogo. Kidogo sana, maana uongo mimi ulikuwa haunisumbui.

Nikaandika kwenye kundi: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wapendwa, nimempoteza mama yangu mzazi mchana huu. Tunazika leoleo saa kumi. Severa, niwie radhi mdogo wangu, biashara sina nguvu nayo tena."

Sisi Waislamu hatulazi maiti bila sababu. Nikapiga hesabu kwamba mpaka watu waanze kuuliza maswali, mazishi yameshapita. Nikajiona mjanja!

Mnajua mama yangu alikuwa wapi nilipokuwa naandika hivyo?

Alikuwa mbele yangu, kwenye stuli ya dukani. Alikuwa ameniletea wali na kisamvu kwenye hotipoti, kama kila siku.

"Acha simu ule, mwanangu. Chakula kinapoa."

Nikabonyeza tuma. Halafu nikala. Na nikaomba niongezewe.

Pole zikaanza kumiminika. Nikalinyamazisha kundi lisinipigie kelele, nikafunga fremu maana mfiwa hakai dukani, nikamwambia mama kichwa kinaniuma, tukarudi nyumbani.

Jioni nikamwandikia Bhavin.

"Kaka, mzigo wako uko tayari. Njoo uchukue."

Jibu likaja…

"Dada, pole sana. Nimesoma kwenye kundi. Mama yangu amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kwa mfiwa hatuchukui kitu mpaka siku kumi na tatu zipite. Ndiyo desturi yetu."

"Kaka, mimi sijali!"

"Sisi tunajali, dada. Pumzika. Usifikirie biashara siku kama ya leo."

Kumbe na yeye yumo kwenye kundi! Si ndiko alikoiona hiyo mashine? Tamaa ilikuwa imenifumba macho mpaka nikasahau kwamba uongo niliomwandikia Severa, Bhavin naye anausoma.

Nikawaza nimrudie Severa. Kwa mdomo gani?

Kesho yake saa tisa alasiri ndipo hodi ikapigwa. Kundi nilikuwa nimelinyamazisha, sikujua kwamba tangu asubuhi walikuwa wanachangishana rambirambi. Na aliyeanzisha mchango, jamani… ni Severa! Alikuwa ameandika: "Mashine nitapata nyingine. Dada yetu mama hatapata mwingine. Twendeni."

"Shikamoo mama," nilimsikia Tushar mlangoni.

"Marahaba wanangu. Karibuni, mbona wengi hivyo?"

"Pole na msiba, mama."

"Msiba? Kafa nani?"

Nikasikia miguu inasogea barazani.

"Si hapa kwa Moza?" Tushar akauliza.

"Ndiyo hapa."

"Tumekuja kuhani. Mama yake Moza amezikwa jana."

Severa akadakia, sauti imeshakauka kwa kulia. "Wewe ni mama yake mdogo?"

"Hapana, mwanangu," mama akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemzaa. Hana mama mwingine."

Hapo nikasikia jina langu.

"Moza. Toka nje."

Nikatoka. Watu kumi na tisa wananitazama. Mmoja alikuwa amebeba khanga mpya ya kunifunga mimi, mfiwa, akaishusha polepole nyuma ya mgongo wake.

Ningeweza kuanguka miguuni pa mama pale pale. Badala yake mnajua nilisema nini?

"Mama… ilikuwa biashara tu."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba.

"Bei gani?"

"Nini, mama?"

"Nakuuliza, umeniuza bei gani?"

"Si hivyo… tofauti ilikuwa laki mbili na kumi."

"Na hela umepata?"

Nikainama. "Sijapata. Mteja ameghairi."

Mama akacheka. Kicheko kile simtakii hata adui yangu. Akawageukia wageni.

"Asanteni kwa kuja, wanangu. Mchele msiurudishe, wapeni majirani. Na hiyo bahasha ya rambirambi nipeni mimi, nitamfikishia mfiwa mwenyewe."

Tushar akampa kwa mikono miwili. Mama akaingia ndani, akatoka na begi lake na mkeka wa kuswalia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Marehemu hakai kwa mfiwa."

Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu kidole kimoja kimoja, bila hasira, kama anatoa mwiba. Kwetu hakuwa na shamba la kurudia. Severa, ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa ukoo wetu, akalichukua lile begi akajitwika.

"Twende kwangu, mama. Chumba ni kimoja, lakini tutabanana."

Wakaondoka wote. Tushar alikuwa wa mwisho.

"Moza, kundini nimeshakutoa. Huko kwingine sijui nani atakurudisha."

Nilikwenda Gerezani mara nne. Severa ananifungulia, anakaa pembeni, mama yuko dirishani anashona. Sare zile mia mbili walizimaliza bila ovaloki, mama akifunga kingo kwa sindano ya mkono, macho yenyewe ya kizee. Mimi nabembeleza nje kwenye jua.

"Mama, nisamehe!"

Anavuta uzi.

"Mama, niongeleshe basi, hata unitukane!"

Siku moja tu alijibu, tena hakuinua kichwa.

"Severa, mwambie mgeni wako marehemu hasemi."

Nikaacha kwenda. Nikajipa moyo kwamba hasira zitaisha, mtu hawezi kumkasirikia mwanawe wa pekee milele. Nilikuwa namngojea anitafute yeye!

Ikapita miezi kumi na minne.

Siku hiyo nakatiza Mnazi Mmoja, nikakutana uso kwa uso na Tushar. Akataka kunipita. Akasita.

"Pole, Moza."

"Ya nini tena?"

Akashangaa. Kisha nikaona anajuta kufungua mdomo.

"Bi Kuruthumu. Tulimzika Jumanne iliyopita."

Sikumbuki nilivyofika Gerezani. Severa alikuwa barazani, amejifunga kaniki, amekonda.

"Mbona hamkuniambia?" nilipiga kelele. "Mbona hamkuniambiaaa! Mimi ndiye mwanawe!"

"Alikataza."

"Alikataza? Alisemaje?"

Severa hakutaka kusema. Nikamtikisa mabega mpaka majirani wakasimama.

"Alisema, 'Moza alishanizika. Msimsumbue mara ya pili.'"

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nililia mpaka nikatapika. Hakuna aliyeniinua, na sikustahili kuinuliwa.

Severa akaingia ndani akarudi na bahasha. Ile ile! Imekaa chini ya godoro miezi kumi na minne, gundi haijaguswa, na wao wakati mwingine walilala na chai kavu.

"Hii ni yako. Alisema nikupe siku ukija. Mfiwa ni wewe."

Najua mnataka niwaambie kwamba mpaka leo sijaifungua, ipo kabatini, naitazama nalia.

Nisiwadanganye. Niliifungua siku ile ile. Fremu nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Ndani kulikuwa na karatasi ya majina ya waliochanga, na jina la kwanza lilikuwa Severa, elfu ishirini. Aliitoa siku moja baada ya mimi kumnyang'anya mashine. Nikaisoma, nikaikunja, nikaenda kulipa kodi.

Ovaloki nilikuja kuiuza kwa laki mbili. Chini ya bei aliyoshinda Severa.

Wauzaji wenzangu mnaosoma hapa, mnaojibu "mzigo umeanguka", "mtoto kavunja", "nimeuguliwa", kwa sababu bei imewauma… ukishaandika imekwenda, iache iende. Hasara ya mzigo utailipia mwezi huu, mwezi ujao umesahau. Lakini mtu wa nyumbani kwako usimtaje kwenye uongo wako wa biashara. Siku moja atausikia, na anaweza kuukubali.

Watu wakiniuliza mama yangu alifariki lini, naitaja ile tarehe niliyoiandika mwenyewe kwenye kundi. Hiyo nyingine sikuwepo.