Moto wa Mwezi wa Tisa

Mhoja na mke wake Justa wanaishi Kayenze, wilaya ya Ilemela, chini ya kilima cha mawe. Asubuhi Justa hukamua ng'ombe. Mhoja hupeleka maziwa kwa wateja kando ya ziwa, kisha hupandisha ng'ombe kilimani.

Juu ya kilima kuna kichaka cha mitopetope ya porini. Ni miti mifupi. Mama yake Mhoja ndiye aliyeitunza. Kila mwaka, mwezi wa pili, alishuka na kikapu cha matunda ya manjano, na harufu yake ilijaa uani.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo kichaka hakijazaa hata tunda moja.

"Mama yenu ameondoka na matunda yake," alisema Shangazi Getruda, dada wa baba yake Mhoja. "Kateni, mchome mkaa."

Mhoja hakubisha. Ulikuwa mwezi wa nane. Alinoa panga, akasema atakata Jumamosi. Justa hakutaka kichaka cha mama mkwe kiishe hivyo. Alikwenda kwa jirani yao, Mama Byabato, mfuga nyuki aliyetoka Bukoba. Ijumaa jioni jirani huyo alifika na daftari.

"Shikamoo, mama," alisema Mhoja.

"Marahaba. Nasikia kesho unakata kichaka."

"Kimekufa."

"Kimekufa na majani yote yale?"

"Ninyi Wahaya mna ndizi. Miti ya porini mnaijulia wapi?"

"Na ninyi Wasukuma mna ng'ombe. Mnaona nyasi, maua hamyaoni."

Justa alicheka. Mama Byabato alifungua daftari. Kwa sababu ya nyuki wake, huandika kila mti unatoa maua lini.

"Mitopetope ya huku inaanza kutoa vitumba vya maua mwezi wa tisa," alisema. "Maua yanafunguka mwezi wa kumi. Matunda yanakomaa mwezi wa kwanza na wa pili. Sasa niambie, wewe unachoma nyasi lini?"

"Mwezi wa tisa. Mvua ikianza, ng'ombe wanapata majani mapya."

"Na mama yako alichoma lini?"

Justa ndiye aliyejibu.

"Mwezi wa sita. Nilikuwa naenda naye. Nyasi zilikuwa bado na unyevu, moto ulitambaa polepole. Kwanza tulifyeka kuzunguka kichaka, moto usiingie."

"Mimi nilidhani ana haraka tu," alisema Mhoja.

"Moto wa mwezi wa tisa unakuta nyasi kavu na vitumba vichanga," alisema Mama Byabato. "Mti hautakufa. Utachipua majani tena. Lakini maua ya mwaka huo yameungua, na bila ua hakuna tunda."

"Kwa hiyo si mama."

"Mama yako hakuondoka na kitu. Ni kiberiti chako."

Jumamosi Mhoja hakupanda kilimani na panga. Mwezi wa tisa hakuchoma. Alikata nyasi kwa mundu na kuwabebea ng'ombe mizigo. Kazi ilikuwa kubwa, na mgongo ulimuuma.

Mwezi wa kumi Justa alimwita kichakani. Maua yalikuwa yamefunguka. Ni madogo, mazito, yanaangalia chini. Mhoja aliinama ili ayaone. Alikuwa amepita hapo tangu utoto wake bila kuyaona.

Mwezi wa pili walichuma yaliyoanza kubadilika rangi, wakayafunika kwenye kikapu mpaka yaive. Mengine waliwaachia ndege, ambao husambaza mbegu.

Shangazi Getruda alikuja siku ya tatu baada ya kuchuma. Justa alimweleza habari ya moto na kufyeka, akampa tunda. Alikula taratibu, akatema mbegu kiganjani. Akala la pili.

Alipomaliza alinawa mikono.

"Mwezi wa sita," aliuliza, "mnafyeka siku gani?"