Mgeni wa Kiwanja Namba Tisa

Kadi ya maoni iliandikwa kwa mwandiko wa kizee, ukipanda na kushuka: "Choo kisafi, umeme haukatiki, kokoto zimesawazishwa vizuri. Tunawapa nyota nne. Ya tano tungewapa kama si yule bwana wa namba tisa, anakula peke yake akiwa ameloa chapachapa. Kwa nini hamumpi taulo?"

Vernon Tackett aliisoma mara mbili, akaenda dirishani. Kiwanja namba tisa kilikuwa kitupu, kama kilivyokuwa tangu Novemba.

Vernon alikuwa sajini mstaafu wa jeshi la anga, na kama unadhani kustaafu kulimtoa jeshini, basi hujakaa na wastaafu. Yeye na mkewe Loretta waliuza nyumba yao Tennessee, wakanunua trela, wakaja kusini kuwa wenyeji wa kambi ya mapumziko iliyo ndani ya kituo cha jeshi, nyuma ya uwanja wa ndege, ukingoni mwa ghuba. Walikaa pale kwa masharti ya kupokea wageni na kufanya usafi. Sasa, kambi za namna hii tunazijua sisi tunaozunguka na matrela yetu: nyasi za magotini, mabomba ya kutu, mabafu ya kutia kinyaa. Wakubwa wana ndege za kutunza, hawana habari na mahali wanapolala wazee. Lakini ya Vernon ilikuwa ya kupigiwa mfano. Kila kiwanja alikipima kwa pima maji, na kadi za maoni alizisoma kila jioni kama wengine wasomavyo Biblia. Nyota nne zilimuuma.

Wiki ile zikaja nyingine. Mgeni wa namba kumi aliandika kwamba harufu ya matope ya baharini inaingia ndani hata madirisha yakifungwa. Wa namba nane, mjane wa kanali, aliandika kwa kifupi: "Kuna mtu anatafuna. Anaanza alasiri na hapumziki."

Vernon akaona hilo ni tatizo la bomba. Akafukua mtaro wa maji machafu wa namba tisa, akabadilisha kiungo, akamwaga dawa. Harufu haikupungua. Alipoinua kichwa kutoka shimoni akaona sahani juu ya meza ya mbao ya kiwanja kile, sahani yenye ukingo wa buluu, imelambwa ikang'aa. Akaipitisha kidole, akaonja. Ilikuwa chumvi ya bahari. Sahani yenyewe ilitoka jikoni kwake.

"Loretta," alisema alipoingia ndani, akiishika kwa ncha za vidole. "Nani unampelekea chakula?"

Loretta alikuwa anakoroga sufuria ya mchuzi wa bamia na kamba, sufuria ya kulisha watu sita. Mwenyewe alikuwa amekonda tangu Novemba hadi pete yake aliifunga uzi isidondoke.

"Unajua ninampelekea nani, Vern."

"Sijui."

"Basi usiulize."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hawa wawili walikuwa nao mmoja tu, Lonnie. Helikopta yake ilianguka baharini miaka kumi na sita iliyopita. Wenzake watatu walipatikana. Yeye hakupatikana hata kiatu. Kwa ajili ya watu kama Lonnie, wanajeshi wa huko wana meza yao. Penye karamu yoyote huandaliwa meza ndogo ya mtu mmoja: kitambaa cheupe, ua jekundu, kipande cha limau kwa uchungu wa kupotea, chumvi kidogo kwa machozi, kiti kilichoegemezwa mezani, na glasi iliyopinduliwa kifudifudi kwa kuwa asiyekuwepo hawezi kunywa. Meza ile haikaliwi, haipakuliwi, na glasi ile haiguswi. Kila askari anajua hivyo, na kila mke wa askari.

Siku ya Mashujaa ya Wamarekani, mwezi wa Novemba, wageni wa kambi walifanya karamu, na meza ile ikawekwa namba tisa kwa kuwa palikuwa wazi. Usiku ulipoingia kila mtu alirudi kwenye trela yake. Loretta akabaki kuondoa vyombo.

"Niliigeuza glasi," alisema sasa, bila kuacha kukoroga. "Nikammiminia chai ya barafu, ile yenye sukari nyingi anayoipenda. Nikamvutia kiti. Nikamwambia, Lonnie, mwanangu, njoo ule." Akamtazama mumewe, na macho yake yalikuwa na furaha ya kutisha. "Akaja, Vern. Miaka kumi na sita mnaniambia nivumilie, kumbe alikuwa anangoja kukaribishwa tu."

Vernon aliiweka sahani chini. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu sehemu yake moja ilitaka kukimbia namba tisa ikaone.

Hakuhitaji kukimbia. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, tarumbeta ya kushusha bendera ilipolia kwenye vipaza sauti, kambi nzima ilisimama kama inavyosimama kila siku: magari yakazimwa barabarani, wazee wakatoka kwenye matrela yao na bakora zao, kila mtu akageukia bendera na kuweka mkono kifuani, na hairuhusiwi kutikisika hadi wimbo wa taifa uishe. Vernon alikuwa amesimama karibu na bafu, na kutoka pale, bila kugeuza kichwa, aliiona namba tisa kwa pembe ya jicho.

Kulikuwa na mtu ameketi. Alimpa mgongo. Maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka kwenye nywele hadi kwenye mabega na kutoka kwenye mabega hadi kwenye benchi, na hayakuisha, na taya zake zilikuwa zikienda juu na chini, juu na chini, ingawa sahani iliyokuwa mbele yake ilikuwa tupu. Kisha Vernon akamwona Loretta akitoka mlangoni na sahani nyingine, peke yake mwenye kutembea katika kambi nzima iliyoganda, akipita mbele ya wazee waliosimama wima bila kuwaona, akaifikia ile meza, akainama kuweka chakula, na mkono mweupe wenye ngozi iliyokunjamana, kama ya mtu aliyekaa majini siku nyingi, ukainuka taratibu ukamshika kifundo cha mkono na kuanza kumvuta chini, karibu, karibu zaidi, kana kwamba unataka kumnong'oneza, na Vernon, Mungu amsamehe, Vernon aliyekuwa askari miaka ishirini na sita alibaki amesimama na kiganja kifuani kwa sababu wimbo haujaisha.

Ulipoisha alikimbia. Alimkuta Loretta amepiga magoti kwenye dimbwi, na kwenye kifundo chake palikuwa na alama nne za vidole, nyeupe na baridi. Kwenye benchi hapakuwa na mtu.

"Loretta, yule si Lonnie."

"Usianze, Vern."

"Bendera inashushwa, yeye amekaa! Anakula! Lonnie wangu? Yule mtoto alikuwa anasimama hata akiwa na homa!"

"Amechoka," alisema Loretta kwa sauti ya chini. "Anasema huko aliko kuna baridi. Anasema nafasi ya pili ipo, ya kwangu."

Vernon alimsaidia kusimama. Alikwisha kumpoteza mwana. Sasa alikuwa anampoteza mke, kijiko kwa kijiko, mbele ya macho yake.

Kwenye namba nne aliishi Odile Thibodeaux, mpishi mstaafu wa jeshi, mzaliwa wa mabwawa ya Louisiana. Bibi yake na bibi wa bibi yake walikuwa watu wa kutibu kwa sala. Askari vijana walimwendea kwa siri wakiwa na chunjua, naye aliwatania kwanza ndipo akawatibu. Vernon hakutaniwa. Odile alimsikiliza akiwa mlangoni, akaangalia upande wa namba tisa, akafunga kizibao chake.

"Nimemnusa tangu kabla ya Krismasi, Sajini. Nikasema labda ni mabomba yako. Nilijidanganya." Waswahili wangesema jini, Odile alisema "kile." "Kile hakina jina wala mama. Kinazunguka pwani kinatafuta mlango. Mkeo amekifungulia."

"Kitoe basi."

"Siwezi. Kasisi naye hawezi. Kilialikwa kwa kinywa cha mama, kifukuzwe kwa kinywa hichohicho. Na amaanishe. Kikishatoka hakirudi mpaka kialikwe tena."

"Hatakifukuza. Anaamini ni mwanawe."

"Basi mfanye asiamini," alisema Odile. "Mimi nitasali. Hilo la pili ni lako."

Vernon alizunguka kambi mara tatu na reki mkononi, bila kureki kitu. Jumapili mchana akaingia ndani, akakaa kitandani, akasema uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema.

"Wamenipigia simu kutoka makao makuu, Loretta. Wamempata."

Kijiko kikaanguka.

"Wapiga mbizi wameikuta ile helikopta. Kuna mifupa. Wamepima, ni yeye. Lonnie wetu wamempata."

Loretta hakulia. Aliokota kijiko, akakiosha, akakaa hadi jua likahama dirishani. Kisha akainuka, akavua aproni, akatoka nje, Vernon nyuma yake, na Odile akitoka kwenye trela yake na rozari mkononi, midomo ikicheza.

Kilikuwa kimekaa. Safari hii kilikuwa kimewageukia, na uso wake ulikuwa uso wa Lonnie kama vile mtu aliyesimuliwa juu ya Lonnie angeutengeneza kwa udongo: pua palepale, kovu la kidevuni palepale, ila macho hayakupepesa na mdomo haukuacha kutafuna, na harufu ya matope ilikuwa nzito hadi Vernon akaihisi kwenye meno.

"Mwanangu wamempata," Loretta alisema. "Yuko kwenye sanduku. Wewe uliyekula chakula chake ni nani?"

Kutafuna kukakoma. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili kambi ikawa kimya kabisa.

"Mama," kikasema, kwa sauti ya Lonnie wa miaka saba. "Mama, nina njaa."

Odile alipandisha sala yake. Vernon alimwona Loretta akinyoosha mkono, akauona ukisimama hewani, akaurudisha.

"Njaa yako si ya mwanangu. Karamu imekwisha. Toka!"

Hakukuwa na kishindo. Maji yaliyokuwa kwenye benchi yalizama kwenye mbao, harufu ikakatika, na benchi likabaki tupu. Mjane wa kanali alifungua dirisha la namba nane akapumua kwa nguvu. Odile akakaa chini kwenye kokoto, jasho likimtoka, na Vernon alilia bila aibu, kwa furaha.

Usiku ule Loretta alikula sahani mbili. Alipomaliza akafungua kabati, akatoa gauni jeusi, akalinyoosha kwa kiganja.

"Wanamleta lini, Vern?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Vernon alikuwa amefika mwisho wake mapema kuliko alivyodhani. Alimtazama mkewe, mashavu yake yamepata damu, mzima, wake.

"Alhamisi," alisema.

Alijiambia atamweleza Jumatatu. Jumatatu Loretta alimpigia dada yake simu na wakacheka kwa kumkumbuka Lonnie, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa miaka kumi na sita. Jumanne alichagua nyimbo za mazishi. Jumatano alilala usingizi wa mtoto, na Vernon akakaa kando yake. Angemwambiaje kwamba hakuna mifupa, hakuna sanduku, na kwamba ni kwa uongo wa mumewe alimfukuza aliyemwita mama? Kadi za wiki ile zote zilikuwa nyota tano. Hakuzisoma.

Alhamisi asubuhi ilikuwa na ukungu. Loretta alivaa gauni jeusi na soksi nyeusi akakaa mkao wa kungoja, mikono magotini. Vernon alikuwa bafuni ananyoa, anajifunza maneno ya kuanzia, simu ilipolia. Ilikuwa ya geti kuu. Pale hapiti mtu asiye na kitambulisho cha jeshi hadi mwenyeji aliye ndani amkubali kwa kinywa chake.

"Ndiyo, ni hapa kwa Tackett," alimsikia Loretta akisema. "Ndiyo, Lonnie Tackett. Tunamngoja tangu Jumapili. Mruhusuni aingie, mwanangu, mruhusuni."

Vernon alitoka na povu usoni, wembe mkononi. Loretta alikuwa bado ameshika simu, na tabasamu lilikuwa linamwondoka taratibu, kama mtu anayejaribu kuelewa jambo.

"Amefika, Vern," alisema. "Askari anasema amekuja kwa miguu."